Mimea ya Eda

Nizwa, 28 Desemba 1992

Shemegi Majid,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Fatma, na unijuze hali ya mguu. Plasta wameshaitoa? Mwanamme mzima anapanda paa kutengeneza eriali ya televisheni, anaanguka kama papai bivu! Huku sisi wazima, alhamdulillahi, ila baridi. Ya mwaka huu inashuka kutoka mlimani usiku na inaingia mpaka kwenye meno.

Eda yangu imebaki siku arubaini na moja. Sitoki, sionani na mtu ila wanawake. Nyumba imenichoka na mimi nimeichoka. Ndiyo maana leo nakuandikia habari za mimea, na usinicheke.

Tulipogawa nguo za marehemu kaka yako, mfukoni mwa koti lake nilikuta kikopo. Ndani mna majani makavu yaliyosagika na mbegu ndogo ndogo za kijivu, zina madoa. Nikasema, Nadhir huyu! Kumbe alichukua mbegu za maua tulipokwenda Unguja mwaka juzi, akasahau kuniambia. Nikazipanda uani, chini ya ukuta unaopata jua, zikaota tisa.

Wallahi sijui kama mtu hulea mtoto hivi, maana Mungu hakunijaalia. Kabla ya magharibi naifunika magunia juu ya vijiti, yasiguse majani. Asubuhi jua likishika ukuta naifunua. Mashinani nimepanga mawe meusi yaweke joto la mchana. Maji ya tangi la juu ni baridi kama barafu, yaliniulia miwili, basi sasa nachota ya falaji, mfereji unaopita uani kwetu, tena ya alfajiri, yanapotoka mvuke. Yale yana uvuguvugu wa chini ya ardhi. Saba imepona na imenifika kiunoni.

Jani lake lina vidole saba, kingo zake meno meno kama msumeno. Imeanza kutoa maua. Hayana uzuri, nywele nywele tu, lakini harufu yake nzito na inanata mikononi. Wewe uliyekaa Mwanza unaijua miti ya bara. Huu mti gani? Jirani yangu Shaikha kaupenda, nimempa mmoja kwenye kopo la samli. Aliyembebea ni mkwewe Hamed, yule wa polisi.

Shemegi yako,
Fawziya


Sur, Aija, 3 Januari 1993

Shemegi Fawziya,

Leo nisamehe, salamu nitazitoa mwisho. Barua hii anakupa Musallam mkononi, dereva wangu. Simu ina masikio mengi, na mimi mwenyewe hata kama mguu ungekuwa mzima, wewe uko eda na siwezi kukaa mbele yako.

Mti unaoniuliza ni bangi.

Keti kwanza, halafu endelea kusoma. Hospitali walipomrudisha Nadhir nyumbani walisema limebaki suala la vidonge tu, na vidonge havikumlaza. Unakumbuka alivyokuwa akiuma mto ili usimsikie. Mimi niliiona bangi Mwanza, niliona watu wakipewa kwa maumivu. Nikaitafuta hapa kwa baharia mmoja, usiniulize jina lake. Nikaitwanga, nikaichanganya na asali. Ile asali niliyokwambia imetoka kwa wazee wa mlimani, umlishe kijiko asubuhi na kijiko jioni, ndiyo hiyo. Kikopo kilikuwa cha akiba. Nilidhani amekitupa.

Kaka alijua. Nilimwambia siku ya kwanza. Akasema, "Fawziya asijue. Anamwogopa sana Mungu, itamwia mzigo." Nikamwapia.

Sasa, nakuomba, ing'oe leo hii. Usiichome, moshi wake utanuka mtaa mzima. Ichimbie shimo, uifukie chini ya samadi. Na lile kopo la Shaikha fanya juu chini lirudi kabla Hamed hajalitia macho vizuri. Likizuka la kuzuka, sema ni langu. Nitakuja kwa magongo niseme mwenyewe, kwa sababu ni kweli ni langu.

Hali zetu njema.

Shemegi yako,
Majid


Nizwa, 4 Januari 1993

Nimesoma. Musallam anangoja mlangoni. Usiniandikie tena.

Fawziya


Sur, Aija, 21 Januari 1993

Shemegi yangu Fawziya,

Salamu kwako, nikiomba Mungu ikukute nyumbani kwako na mzima. Umenikataza kuandika na nimekaidi. Siku kumi na saba hizi sijui kama uko uani kwako au wamekuja kukuchukua. Gari ikisimama nje, nachechemea mpaka dirishani. Fatma ananiuliza kwa nini sili, namwambia mguu.

Nitukane ukitaka. Una haki. Nilitoka kwa kaka yangu nikijiona hodari, na nikakuachia wewe mtego uani kwako. Ukipatwa na jambo sitajisamehe mpaka kaburini.

Nataka neno moja tu. Lisipofika kwa siku saba, nitamwambia Musallam anipakie kwenye gari na plasta yangu, anipeleke kituo cha polisi hapo Nizwa, nikajiseme.

Shemegi yako,
Majid


Nizwa, 24 Januari 1993

Salama. Usiende popote.

Fawziya


Nizwa, 8 Februari 1993

Shemegi Majid,

Salamu kwako, na kwa Fatma, na kwa mguu wako usio na akili. Mimi mzima. Jana nimetoka eda, wanawake wamekuja kunikosha na kunisomea. Shaikha hakuja, na nitakwambia kwa nini.

Siku ile Musallam alipoondoka niliing'oa yote sita kwa mikono yangu. Mizizi ilikuwa imeshika kweli kweli, mtu angedhani haijawahi kuona baridi. Nililia, Majid, nililia kuliko siku ya maziko. Nikaifukia kama ulivyosema.

Halafu nikafikiri lile kopo. Kumtuma mtu nisingeweza, ningemwambia nini? Basi nikajitanda nikatoka. Mjane wa siku tisini na nne, mchana kweupe, nikavuka uchochoro mbele ya wanaume waliokaa barazani. Mlangoni kwa Shaikha nikaviona viatu vya Hamed. Yumo ndani, anakula. Kopo liko kizingitini.

Shaikha akatoka, akashika kifua. "Ya Fawziya! Wesh fiish, una nini? Umetoka eda?"

Nikamwambia, "Nataka mmea wangu."

"Ule ulionipa?"

"Ule ule."

Nikaliinua kopo nikaenda nalo. Tangu hapo hajakanyaga kwangu. Mtaani wanasema Fawziya kavunja eda ya mumewe kwa ajili ya kopo la samli, na kwamba kampa mtu kitu akarudi kumpokonya. Miaka kumi na minane ya ujirani imekwenda hivyo, na siwezi kusema neno la kujitetea. Hilo nimelibeba kwa ajili yako na yangu.

Lakini hasira yangu haiko hapo. Nyinyi ndugu wawili mlikaa mkafanya shauri juu yangu, kama mimi mgeni katika ugonjwa wa mume wangu. Miezi miwili ile alilala. Alikula uji. Siku moja alicheka mpaka akakohoa, akaniimbia. Nikasema Mungu kazisikia dua zangu, nikafunga siku sita kumshukuru. Na nyinyi mkaniacha niamini hivyo.

Mlitaka nisibebe mzigo. Kijiko kilikuwa mkononi mwa nani, Majid? Asubuhi na jioni, nani aliyekuwa akimfuta mdomo?

Plasta ikitoka, njoo na Fatma mkae siku mbili tatu. Nina maneno mengine makali, nataka kukwambia usoni. Na moja hili siwezi kulingojea mpaka uje. Ungeniambia ningeogopa, ningelia, ningesali rakaa mbili, halafu ningemlisha vile vile.

Shemegi yako,
Fawziya