Kadi Yangu Sirudishi, Wifi

Wifi yangu Aneth,

Natumaini Kahama wamekupokea vizuri na joto la huko limeanza kukuzoea. Huku kwetu Mlima Meru umefunguka tangu asubuhi, hauna wingu, baridi ipo, na kaka yako amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Anakusalimu. Bado hajajua kwamba nakuandikia barua ya wazi, mbele ya watu. Akisoma atatikisa kichwa, kisha atasoma tena. Unamjua.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini wewe ulisema kwenye kipaza sauti, pale uwanjani Olasiti, kwenye mkutano wa chama chako kipya, kwamba sisi tuliobaki kwenye chama tumebaki kupiga makofi. Nilikuwepo. Olasiti ndiko nilikozaliwa, kwa hiyo nilipata kisingizio cha kwenda kuwaona ndugu zangu, halafu nikaja kusimama nyuma kabisa, karibu na wachoma mahindi. Nilikuona unainua kadi yako ya chama chetu juu, ukamkabidhi yule mgeni wenu, watu wakashangilia. Baadhi yao waligeuka kunitazama. Neno lako lilinikuta nimesimama pale pale, na mimi nalijibu nikiwa nimesimama.

Wewe ndiye uliyeniingiza chamani, wifi. Nilipoolewa hapa juu ya Maji ya Chai, mimi Mwarusha kutoka upande wa pili wa mlima, Kimeru changu kilikuwa cha kubabaisha na Kiswahili changu kilikuwa kinachekesha. Mama mkwe alinipenda, lakini hakunielewa. Wewe ulinielewa. Ulinichukua ukanipeleka mkutano wa tawi kama mtu anavyompeleka mwenzake kisimani, bila maelezo mengi. Nilipoogopa kusema mbele ya wazee, ulinipeleka bandani tukiwa tunakamua, ukaniambia niwahutubie ng'ombe. Ulikuwa unakaa juu ya ndoo unauliza maswali ya ukorofi kama mwenyekiti. Nikinong'ona ulikuwa unasema, "Sikusikii, mama. Sema kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya mto." Tulicheka mpaka yule ng'ombe mweusi akakataa kushusha maziwa.

Unakumbuka mikutano ya siku zile? Wanaume ndani ya ukumbi karibu na ghala la kahawa, sisi nyuma tunapika. Ndizi nyama upande huu, loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando upande ule, moshi machoni. Tulikuwa wanachama kama wao, kadi tunazo, ila mambo yakiamuliwa tulikuwa tunayasikia kupitia dirishani. Siku ya kumchagua katibu wa tawi uliteremsha sufuria, ukamwagia moto maji, ukatuambia tuvue aproni tuingie. Tuliingia tukakaa mbele. Mwenyekiti wa wakati ule, baba yake Loti, alikuuliza kwa upole kabisa chakula kitakuwaje. Ukamjibu, "Kitaiva tukishamaliza kupiga kura, baba."

Walikula jioni siku ile, na walikula wakinung'unika. Lakini toka siku ile, kwenye tawi letu chakula cha mkutano kinapikwa kabla, na wanaume wanamenya ndizi. Njoo uone Mzee Eliamani anavyomenya. Anakata nusu ya ndizi pamoja na ganda, lakini anamenya. Hakuna aliyesema siku ile kwamba tuanzishe chama cha wanawake waliochoka na moshi. Ukumbi ulikuwa wetu, tukaingia.

Najua utasema kumenya ndizi si sawa na kukatwa jina. Si sawa, nakubali. Uliomba udiwani, wanachama wakakupigia kura za maoni, ukashinda mchana kweupe mbele ya wote. Tulikubeba mabegani mpaka barabarani, mabasi ya Moshi yakatupigia honi. Halafu vikao vya juu vikarudisha jina la yule mwenye malori, ambaye kwenye tawi letu alipata kura za ndugu zake tu. Hakuna aliyekuambia sababu. Ulikwenda mjini kuuliza, ukarudi umevua viatu umevishika mkononi kwa uchovu, ukakaa kwenye ngazi za nyumba yangu bila kulia. Afadhali ungelia. Mimi ndiye niliyelia, wewe ukawa unaniliwaza, na mpaka leo jambo hilo linanikera, kwamba hata siku ile wewe ndiye uliyekuwa mkubwa wangu.

Baada ya wiki chache ulikuja na uamuzi. Nilikumiminia chai. Ukaniambia, "Twende wote, wifi. Hapa pameoza."

Nikakuuliza, "Pameoza wapi? Huku kwetu au kule juu?"

"Kote."

"Huku si kote. Huku walikuchagua."

Ulinitazama kama mtu aliyeshikwa shati na mtoto wakati gari linaondoka. Ukaacha chai ikapoa, ukaenda. Miezi michache baadaye binti yako akakuita Kahama kulea wajukuu, na mimi nikabaki na kanisa, ng'ombe, kaka yako, na chama.

Sasa nikusimulie kilichotokea, kwa sababu waliokusimulia walikuwa na haraka.

Kwenye mkutano wa kata uliofuata nilisimama nikauliza kwa nini mshindi wetu alikatwa. Katibu wa kata akasema jambo hilo halimo kwenye ajenda. Nikamwambia basi aliingize. Akasema nikae. Sikukaa, wifi. Mkutano uliendelea, wakazungumza habari za kadi na ada na mapokezi ya mgeni, na mimi nimesimama katikati ya ukumbi. Hakuna aliyenivuta nguo. Mwisho wakafunga mkutano kabla ya wakati, kwa sababu ni vigumu kuimba wimbo wa chama huku mtu mmoja amesimama anakungojea umjibu.

Nikaitwa kwenye kamati ya maadili, ofisini Levolosi. Nilivaa lile gauni la kitenge ulilonishonea. Kaka yako alinisindikiza mpaka mlangoni, akataka kuingia, wakamkatalia. Ndani walikuwepo watu wazima wa heshima, niliwaamkia shikamoo wote mmoja mmoja, na wao wakaniambia kwa sauti ya kistaarabu kwamba ninakidhalilisha chama. Mmoja wao, mzee ambaye amewahi kula kwangu, ndiye aliyeuliza lile swali. Alisema, "Mama, kama umechukizwa kiasi hiki, kwa nini usimfuate wifi yako?"

Nilikuwa nimelijibu swali hilo kichwani mara nyingi, nikijibishana na wewe, kwa hiyo jibu lilitoka bila kutafutwa. Nikasema, "Baba, mimi sijakosea njia. Niko kwetu. Aliyelikata jina la mtu aliyechaguliwa ndiye aulizwe anaelekea wapi."

Walinivua uongozi wa akina mama wa tawi niliokuwa nao. Kadi waliniachia, nadhani walifikiri nitairudisha mwenyewe kwa aibu. Nikarudi kukaa benchi la nyuma kama mwanachama wa kawaida. Haikuwa rahisi, sitakudanganya. Wenzako wa chama kipya waliponipita sokoni Tengeru walikuwa wananiuliza kama bado nangoja kuteuliwa. Wenzangu wa chama cha zamani walikuwa wananisalimia kwa kuangalia pembeni kwanza. Hata kwaya walipunguza kuniketisha katikati. Siku nyingine nilikuwa nawaza kwamba wewe umepumzika, una chama ambacho hakijakuumiza bado, na mimi nimekaa kwenye nyumba inayovuja nimeshika beseni.

Lakini nilikuwa nakwenda. Kila mkutano. Na kwenye benchi la nyuma, wifi, ndipo walipo watu. Hapo ndipo nilipowakuta akina mama wa kuuza ndizi, vijana wa bodaboda waliopewa kadi ili wajaze mikutano, na wazee wa kahawa ambao hawajaulizwa kitu tangu bei iporomoke. Wote walikuwa na hasira ileile niliyokuwa nayo. Walidhani kila mtu anayo peke yake.

Ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa tawi. Katibu wa kata alikuja na jina moja, mpwa wa yule mwenye malori, kijana mpole asiyejua hata choo cha ukumbi kiko wapi. Akasema kwa umoja na upendo tumpitishe kwa kunyoosha mikono. "Wanaokubali?" akauliza. Hakuna mkono ulionyanyuka. Akadhani hatujasikia. Akauliza tena, polepole, na akanyoosha wa kwake ili kutuonyesha. Mkono wake ulikaa juu peke yake kama mtu anayesimamisha basi. Watu walikuwa wamekalia viganja vyao, wifi. Mama Loti alikuwa ameficha mikono ndani ya khanga, Mzee Eliamani ameifumbata kifuani kama anayesali. Hatukuwa tumepanga yote hayo. Tulichopanga ni kudai kura ya siri tu, kama kanuni zetu wenyewe zinavyosema.

Mama Loti ndiye aliyesimama, yule yule uliyempa jina la utani la Kimya-kimya, akasema, "Tunaomba karatasi."

Karatasi zikachanwa kwenye daftari la mtoto wa shule, kila mtu akaandika jina analolitaka, ndoo ya maziwa ikawa sanduku la kura, na tukahesabu kwa sauti, mlango ukiwa wazi, mpaka wapita njia wakawa wanatusikia. Jina langu likaongoza, na yule kijana mpole akawa wa kwanza kunipa mkono. Nadhani alifurahi kushindwa.

Kwa hiyo mimi sasa ni mwenyekiti wa tawi. Cheo kidogo, najua. Wilayani hawajanipongeza. Kwenye kata tulijaribu hivyo hivyo tukashindwa, tena vibaya, na jina la mwenye malori bado linatamkwa kwanza kila mahali. Sikuandikii kukuambia kwamba nimeshinda.

Wala sikuandikii urudi. Ulivyofanya wewe ni haki yako, na ukisimama Kahama kugombea kwa chama chako hicho kipya nitakuombea kanisani kwa jina, waseme wanachotaka. Nimekukumbuka sana. Nimekumbuka unavyoingia bila kubisha na kufunua masufuria yangu. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, uliondoe lile neno la makofi. Ulikitoa chama kwenye mkono wako kwa hasira ya haki. Mimi nimekishika kwa hasira hiyo hiyo. Usiseme mmoja wetu alikuwa jasiri na mwingine alikuwa anangoja posho. Wanaokata majina wangefurahi sana tukiondoka wote. Wangebaki na ukumbi, bendera, mihuri, na wimbo, wala hakuna ambaye angewauliza kitu.

Jumamosi hii tawi linakutana. Mwenyekiti ndiye anayepanga ajenda, na ajenda ya kwanza niliyoiweka ni jina lako: kwa nini lilikatwa, nani alilikata, na kanuni gani ilimruhusu. Katibu wa kata amenipigia akaniomba kiungwana niiondoe. Nimemkatalia kiungwana. Akasema jambo hili linaweza kunifukuzisha uanachama. Nikamwambia sawa, ila kumfukuza mwanachama kunahitaji sababu iliyoandikwa na kutiwa sahihi na mtu mwenye jina. Wewe walikunyima hata hiyo. Mimi nitawalazimisha waiandike. Nitaisoma ukumbini, mlango ukiwa wazi, kisha nitakata rufaa. Nikishindwa kwenye rufaa nitakaa nje ya ukumbi, barazani, siku zote za mikutano, nao watakuwa wananiruka wakiingia.

Wabusu wajukuu. Kaka yako anarudi na majani, naona kichwa chake kwenye migomba. Ngoja nikamfungulie geti.

Mke wa kaka yako,
wifi yako wa Maji ya Chai,
ambaye bado ni mwanachama.