Shamba la Mabano Mawili

Mpendwa baba,

Nakuandikia kwa sababu ya uongo nilioutamka mbele yako nikiwa kidato cha pili. Ulitutoka kabla sijakuomba radhi.

Unakumbuka ile hesabu iliyoniliza? x mraba, jumlisha saba x, jumlisha kumi na mbili. Nilitakiwa kuigeuza iwe mabano mawili yanayozidishana. Ulikuwa ndio umetoka kwenye miwa. Shule uliiachia darasa la tano, lakini kijiji kizima cha Shianda mtu akitaka kupimiwa shamba alikuita wewe na hatua zako. Ukaniambia niisome polepole, kisha ukaokota kijiti ukachora mraba mchangani.

"Hii si ni shamba tu, Mama," ukasema. Uliniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yako. "Mimi napimanga hii kila siku."

Mraba ulikuwa shamba la zamani, x kila upande. Ukaliongezea hatua kadhaa kulia na kadhaa chini, pakabaki kona ya kujaza. Kona ni kumi na mbili, ulieleza, na hatua zote tulizoongeza ni saba. Tukajaribu sita mara mbili; kona ikajaa, lakini hatua zikawa nane. Tatu na nne zikakubali. Kumbe mwalimu alinipa ukubwa wa shamba, naye alitaka pande zake mbili tu: x jumlisha tatu, na x jumlisha nne. Nilicheka hadi mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Siku ya wazazi mwalimu aliniita ubaoni, nikachora lile shamba. Watu wakapiga makofi. Akauliza ni nani aliyenifundisha. Nilikuona kule nyuma umevaa gambuti zako zenye matope, kati ya akina baba waliofunga tai, nikaona haya. Nikajibu kwamba ni binamu yangu aliye chuo kikuu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu hadi tukakaribia boma.

"Huyo binamu yako anafundishanga vizuri," ukasema. Kisha ukaniuliza kama nina njaa.

Leo mimi ndiye mwalimu. Kila mwaka nikifika kwenye hesabu hiyo huchora shamba lako, na kila mwaka nilimtaja yule binamu, maana uongo ukiulea unakua. Juzi ndipo nilipowaambia wanafunzi kwamba aliyenifundisha ni baba yangu, aliyeishia darasa la tano. Msichana mmoja akauliza ulifurahi vipi ulipopata habari kwamba nakusifu darasani. Nilimwambia afungue kitabu.

Nisamehe, baba. Watoto wa ndugu zako na wa ndugu za mama wote uliwajua kwa majina. Ulijua hakuna hata mmoja aliyekuwa chuo kikuu, na ukamsifu huyo binamu ili nisiaibike.

Pumzika, nami nitazidi kukutaja,

Binti yako.