Darubini Ndani ya Kihenge cha Mama

Nyangoto,
Tarime.
2 Machi 2025

Mpendwa Mama mdogo Tabitha,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Masasi, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Baba mdogo Jackson hajambo? Na Wiliam, bado anakohoa kila vumbi likipita? Sisi huku wazima. Baba anaendelea vizuri, ingawa dawa za presha anazimeza siku anazokumbuka. Regina, mke wa kaka Erasto, ana mimba ya miezi saba na anakula udongo wa kichuguu kana kwamba analipwa. Mvua bado. Mawingu yanakuja mchana na kuondoka jioni, jambo linalomsikitisha kila mtu hapa nyumbani isipokuwa mimi.

Najua ungependa nipige simu. Lakini kwenye simu huwa naishia kusema "tupo, tupo", halafu salio linakwisha. Jambo hili nataka ulisome polepole, kwa sababu nusu yake ni yako.

Unakikumbuka kihenge cha Mama. Baba alikisuka kwa fito, na wewe na Mama mkakisiliba kwa udongo na samadi, mwaka ule uliokuja kukaa kwetu baada ya darasa la saba. Tangu Mama afariki, mahindi tunayaweka ndani ya nyumba kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa. Kihenge kikabaki kitupu, kuku wakilala chini yake. Mwezi wa Novemba Baba akasema kibomolewe kabla ya mvua za Machi, hapo lijengwe zizi la ndama. Kesho yake Erasto akapigilia vigingi vinne kukizunguka.

Nilimwomba Baba asikibomoe. Unanijua, si mtu wa kuomba. Huwa nanyamaza mpaka kitu kinipite. Safari hii nilisema nakihitaji kwa ajili ya darubini yangu. Akasema, "Nionyeshe kwa hiyo darubini kitu kimoja ambacho macho yangu hayajawahi kukiona. Mvua ikinyesha kabla hujanionyesha, Erasto ataleta shoka."

Darubini yenyewe nilikuwa nimeianza mwaka juzi, nilipoanza kujitolea kufundisha fizikia kwenye shule ya kata. Kioo chake, kipana kama sahani ya wali, nilikisaga kwa mikono: kioo juu ya kioo, katikati unga mkali na maji, huku nikilizunguka pipa lililobeba vioo hivyo nyuma ya jiko. Kazi ya miezi mitano. Majirani walimwambia Baba kwamba elimu imenizidi. Nilikipaka fedha kwa kemikali, nikakifunga kwenye kitako cha bomba pana la plastiki, lile la maji machafu (ni bomba jipya, usicheke), ambalo ndani nililipaka masizi.

Kwa nini kihenge? Kwa sababu watu wanaotazama nyota hujijengea kibanda chenye paa linalofunguka, na paa linalofunguka sisi tunalo siku zote. Kila Mama alipotaka nafaka aliegemeza ngazi, akaiinua ile kofia ya nyasi kwa mti wenye panda, akaingia kwa juu. Nimelitazama jambo hilo utoto wangu wote bila kuliona! Fundi Athuman wa Tarime mjini, yule anayechomelea mageti, alinitengenezea bawaba mbili nene, na sasa kofia yote inalala nyuma kama kifuniko cha sufuria. Ukuta unanikinga na upepo. Unanikinga pia na taa za mgodi wa jirani, ambazo upande ule haziachi anga liwe jeusi hata siku moja.

Nilijaribu kwa mara ya kwanza Jumamosi moja ya Januari, saa moja na nusu jioni. Niliielekeza darubini kwenye nyota ya jioni, Zuhura, ile inayotokea magharibi ng'ombe wakikamuliwa. Erasto akapanda. Baba na Regina walisimama chini. Nilikuwa nimefanya kosa ambalo mtu aliyecheza chini ya kihenge tangu utotoni hakupaswa kulifanya: niliisimamisha darubini juu ya sakafu. Sakafu ile ni fito zilizosukwa, imeinuliwa juu ya mawe, na inanesa. Mahindi hayajali. Lakini nyota iliyokuzwa mara mia inajali sana. Kila Erasto alipohamisha mguu, Zuhura iliruka huku na huku kama cheche.

"Mwalimu, nyota yako imetoka kilabuni!" akapiga kelele. "Mshikeni mtu huyu, anaanguka!"

Regina alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwita Baba apande ajionee mwenyewe. Akasema, "Nawasikia." Nikamwita tena. Akageuka, akaenda kwa ng'ombe wake. Mama mdogo, kicheko cha Erasto nilikisahau palepale. Ule mgongo wa Baba ndio nilioingia nao kitandani.

Siku tatu sikuigusa darubini. Siku ya nne nilikuwa darasani nikifundisha mtetemo, jinsi unavyosafiri kutoka kitu hadi kitu vinavyogusana, na katikati ya sentensi nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Wanafunzi walidhani nimesahau somo. Nilikuwa nimepata dawa: darubini isimame juu ya kitu ambacho kihenge hakikigusi.

Basi nikatoboa sakafu katikati. Chini yake nikachimba shimo la kimo cha goti, nikasimamisha bomba na kulijaza zege, likapanda kupitia lile tundu bila kugusa ufito hata mmoja. Erasto alinisaidia kukoroga zege. "Nakusaidia," alisema, "lakini ujue shoka limeshanolewa." Nilipokuwa nimepiga magoti ndani nikikata fito, jua la mchana liliingia kwa juu likamulika ukuta, nikaona mistari ya vidole kwenye udongo. Mikono ya watu wawili. Mmoja kidole chake cha mwisho kimepinda kwa nje. Nilikaa pale na kisu mkononi mpaka jasho likanikauka. Sikumwambia mtu, nakuambia wewe, mwenye kidole hicho.

Jumamosi ya wiki iliyopita, tarehe ishirini na mbili, anga lilikuwa safi. Erasto alipanda tena, akiwa tayari na mzaha wake mdomoni. Akainama. Akarukaruka makusudi juu ya sakafu, na nyota haikutikisika.

"Ina pembe," alisema taratibu. Kisha akapaza sauti kumwita Baba, "Tata! Njoo uone, ina pembe!"

Baba alikuwa pale pale, chini ya ngazi. Hakupanda. Nikaukumbuka ule mgongo wake wa Januari, na safari hii sikunyamaza. Nikamuuliza kwa nini anakataa hata kutazama.

"Hiki ni kihenge cha mama yako," alisema. "Mimi nimekisuka, lakini tangu siku alipoweka mtama wa kwanza sijachungulia ndani. Mwanaume anachunguliaje kihenge cha mke wake? Nilikuwa nasimama hapa, napewa."

Nilisimama ndani nikimtazama kwa juu ya ukuta, Mama mdogo, na miezi yote ile ya kudhani ananidharau ikaniporomoka. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Baba, sasa si cha Mama. Ni changu. Karibu."

Aliwaza. "Ni chako?" aliuliza.

"Ni changu."

"Haya. Kama mwenyewe ananikaribisha." Akavua malapa yake, akayapanga chini ya ngazi kama anayeingia kwa watu, akapanda.

Darubini yangu huonyesha vitu kichwa chini. Kwa hiyo Zuhura, ambayo siku hizi imebaki ukingo mwembamba wa mwanga, ilikuwa imeinamisha pembe zake mbili. Baba alitazama mpaka mguu ukafa ganzi. Alipoinuka alimgeukia Erasto.

"Ulisema imetoka kilabuni? Huyu anakunywa maji. Tazama anavyoinama."

Jumatatu asubuhi nilimkuta Erasto anang'oa vigingi. Zizi la ndama liko upande wa pili, karibu na mkonge. Hakuna aliyetamka neno shoka, na mimi sikuuliza. Baba anakuja kila jioni baada ya kukamua. Anasimama chini, anakohoa, na anangoja nimkaribishe. Namkaribisha kila mara. Sijawahi kuwa na mlango ambao mtu anabisha hodi.

Njoo Juni, mavuno yakiisha. Ngazi ni ngumu kwa goti lako, lakini Erasto amesema atakubeba. Zuhura itakuwa imehamia alfajiri, nitakuamsha. Na vile vidole sijavisiliba.

Nisalimie sana Baba mdogo Jackson, Wiliam, na yule bibi jirani anayekuuzia korosho. Baba, Erasto na Regina wanakusalimu. Mungu akulinde na aipe miguu yako nguvu ya kufika.

Ni mimi mwanao nikupendaye, mwenye kihenge,

Mokami Waitara