Chipu Moja Mahali pa Vipande Sabini na Viwili

Jumatatu, 9 Juni
Nachomelea tangu asubuhi. Redio yangu ya kwanza ilikuwa na vipande 83. Hii mpya, chipu moja iliyo ndogo kuliko punje ya mahindi imebeba kazi ya 72. Kutuma, kupokea, kuchuja mawimbi, yote ndani. Vimebaki 11. Na yenyewe, 12.

Injinia wa wafadhili aliniita "fundi wa redio za mbao" mbele ya kamati ya zahanati. Kwa kuwa sina cheti. Sijasahau.

Zahanati ya bondeni haina mtandao. Sista Neema, muuguzi aliyeletwa kutoka Mbeya, hupanda kilima ndipo aite gari la wagonjwa. Ijumaa tunajaribu. Sauti ya redio yangu ikifika Kenyamonta, gari hilo liliko, kilomita 14, kamati inaichukua. Isipofika, wanaagiza za Injinia.

Jumatano, 11 Juni
Siamini kitu nisichoweza kukifungua. Nimeongeza kikuza mawimbi cha redio ya zamani mbele ya chipu. Vipande sita. Sasa 18.

Kilomita mbili tu, kelele tupu. Sista akasema, "Dada Bhoke, hii inaongea au inakaanga?"

Sikula.

Alhamisi, 12 Juni
Nimesoma upya karatasi za chipu, kamusi mkononi. Ukurasa wa 31. Kikuza mawimbi kimo ndani tayari. Nimekipachikia cha pili, chipu inazidiwa. Ujinga wangu, si wa mtu mwingine. Nimeng'oa vyote sita. Kilomita mbili, sauti safi. Mbali zaidi sijapima. Naogopa.

Ijumaa, 13 Juni
Kenyamonta, saa nne. Kamati yote. Nimewasha redio. Injinia anatazama saa yake.

Halafu Sista, kama yuko chumbani: "Kenyamonta, mnanipata? Shikamoo mwenyekiti. Naongea nimekaa kwenye kiti, jamani."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hivyo hivyo."

Wamama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa kamati akacheza na fimbo yake. Injinia akaomba kuona ndani. Nikafungua. Akauliza vipande vingine viko wapi. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Wameagiza nne.

Jumapili, 15 Juni
Nimetoka kanisani, nimepika, nimelala mchana. Jioni Sista aliita. Hakuna mgonjwa, alitaka kusalimia tu. Nikamwambia, "Nakusikia."