Nyuzi Nne, Asubuhi na Jioni

Jumatatu, 4 Agosti

Wagonjwa thelathini na nane. Ukungu hadi saa sita mchana, vidole vimekufa ganzi. Tangu tabibu ahamishwe mwezi wa tano niko peke yangu kwenye zahanati hii. Napima, nachoma sindano, nazalisha, nafunga vidonda, nafagia. Mbadala wake anakuja. Anakuja tangu mwezi wa tano.

Joto la friji la chanjo: asubuhi nyuzi nne, jioni nyuzi nne. Zote mbili nimeziandika saa mbili asubuhi, nisirudi tena jioni kulifungua. Kila siku ni nne tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nchi nzima imepumzika, mimi nimefungua. Mzee mmoja alijikata na panga, nani angemshona? Mwenyekiti wa kijiji alipita akasema mbele ya watu, "Nesi wetu hachoki." Wakapiga makofi. Nilijisikia vizuri kwa kama dakika kumi. Kisha nikaingia stoo, nikakaa juu ya boksi la glavu, nikashindwa kukumbuka nilifuata nini.

Elinami, mhudumu wa afya wa kijiji, amejitolea tena kusoma kipimajoto cha friji siku za mwisho wa wiki. Nimekataa. Ni mtu makini, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Nimekataa tu. Kila ninachokifanya mwenyewe naona mwingine atakiharibu.

Jumamosi, 9 Agosti

Msaragambo. Baragumu limelia asubuhi, kila kaya imetoa mtu na jembe kwenda kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Mimi nimesamehewa, nina wagonjwa.

Mama Eliapenda, mwenye nyumba wangu, ndiye mgawa maji wa kitongoji. Amerudi na tope hadi magotini, bado anafoka juu ya jambo la juzi. Mtu wa mashamba ya juu alifungua ndiva kabla haijajaa. Maji yakaishia nusu ya mfereji, udongo ukayanywa, maharage yake hayakupata hata tone. "Inafungwa jioni, inajaa usiku, inafunguliwa asubuhi. Hili nalo linataka shule?" Nilicheka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza wiki hii.

Mama yangu alipiga simu kutoka kijijini kwetu, Kisiwani. Naja lini? Nimesema wiki ijayo. Nilisema hivyo pia mwezi wa nne.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepeleka chanjo kitongoji cha bondeni. Kiboksi begani, saa moja na nusu kushuka, mbili na zaidi kupanda. Watoto kumi na mmoja. Pakiti za barafu zilikuwa zimelegea tangu nazitoa kwenye friji. Nilizitia hivyo hivyo. Kipimajoto sikukitazama, wiki nzima nilishaiandika tangu Jumatatu.

Namkunda, binti mwenye mtoto wa kwanza, aliniuliza mara ya tatu homa ya sindano itakaa siku ngapi. Nikamwambia, "Kwani kichwani kwako kumejaa nini?" Mbele ya wenzake. Akainama. Sikumwonea huruma. Sikusikia chochote. Zamani ningelia njia nzima kwa neno kama hilo.

Jumapili, 17 Agosti

Nimelala mchana. Nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kila Jumapili ikifika saa kumi jioni naanza kuhesabu saa zilizobaki, kwa sababu kesho yake ni Jumatatu.

Nimepita zahanati nikaandika joto la wiki inayokuja, lote. Nne, nne, tano, nne. Ile tano nimeiweka ionekane kweli.

Jumatano, 20 Agosti

Kliniki ya watoto. Akina mama ishirini na sita, kwenye benchi na kwenye majani. Nikafungua friji. Halina baridi. Kipimajoto: kumi na saba. Mtungi wa gesi unaoliendesha ni mtupu. Mtungi wa akiba uko pale pale pembeni, umejaa, tangu mwezi wa sita. Alama ya joto kwenye vichupa imeshabadilika rangi, maana yake chanjo zimeharibika.

Ukutani karatasi inasema nne. Imejazwa mpaka Jumapili, pamoja na ile tano.

Naandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Niliwaza: wachome tu. Watoto watalia, mama zao watashukuru, karatasi iko safi. Sindano ya kwanza niliivuta kabisa, dawa ikaingia kwenye bomba. Nikaiangalia. Nikaitupa kwenye boksi la sindano, nikatoka nje nikasema chanjo zimeharibika, kosa ni langu, naombeni radhi. Mama mmoja aliyetembea tangu alfajiri akasonya. Haki yake.

Walipoondoka likanijia la pili. Gesi iliisha lini? Sijui. Barafu ya Alhamisi ilikuwa imelegea. Watoto kumi na mmoja nimewachoma kitu ambacho huenda ni maji tu. Karatasi ingekuwa ya kweli ningeijua siku. Nilikaa sakafuni. Elinami ndiye aliyenikuta. Alibadilisha mtungi, akawasha friji, akanipa mkono.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimempigia mratibu wa chanjo wa wilaya, Same mjini. Nimesema yote, mpaka ile tano. Nilisubiri aniambie nifunge virago. Akauliza, "Likizo ya mwisho ulikwenda lini?" Nikahesabu miezi kwa vidole. Vikaisha.

Ameagiza niandike barua ya kujieleza. Chanjo mpya zinapanda kesho. Watoto wote kumi na mmoja warudiwe.

Mama Eliapenda nimemwambia jioni, jikoni kwake. Nilitaka anikaripie. Alinipakulia makande, akasimama juu yangu hadi yakaisha. Kisha akasema, "Na sisi tulikuwa tunakupigia makofi." Alisema kwa hasira, lakini si kwangu.

Jumamosi, 23 Agosti

Bondeni, nyumba kwa nyumba, na Elinami. Kila mlangoni nimesema maneno yale yale. Wawili wamenifokea. Mmoja amenikaribisha chai, hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Kwa Namkunda niliomba radhi mara mbili, ya chanjo na ya maneno. Aliniangalia kama anayepima kama ni mimi. Akampakata mtoto, nikamchoma. Akauliza, "Homa itakaa siku ngapi?" Siku moja au mbili. Akauliza tena. Nikamjibu tena.

Jumapili, 31 Agosti

Barua ya onyo imefika. Nimeistahili. Pamoja nayo, siku ishirini na nane za likizo, na nesi wa kunishikia kutoka Same. Naondoka Ijumaa.

Jana baada ya msaragambo mwenyekiti alitangaza kwamba Jumapili zahanati haifunguliwi, ila kwa uzazi na dharura. Mama Eliapenda ndiye aliyesimama akalidai hilo, na walipoguna aliwauliza nani kati yao analima siku saba. Kipimajoto cha mwisho wa wiki ni cha Elinami. Ufunguo niliurudisha mfukoni mara mbili. Nilimpa.

Leo mchana mtu alikuja uani na goti lake. Nilimsikia, nikavaa kandambili. Sauti ya Mama Eliapenda ikatangulia: "Umekaa na goti tangu Pasaka, kesho ndiyo mbali? Mwache huyo. Anajaa, kama ndiva."

Nikavua kandambili.

Jumatano, 10 Septemba. Kisiwani

Siku ya sita nyumbani. Jua kali, mbuzi wa jirani wanakula kila kitu. Mama anapika, hanihoji. Nilidhani nitalala siku mbili niamke mzima. Sivyo. Bado nimechoka, uchovu umeingia mbali. Ila jana mtoto wa jirani alijikwaa akalia, na kifua kikanibana kwa ajili yake. Nilikuwa nimesahau hali hiyo.

Kesho nitampigia mratibu kumwuliza kuhusu tabibu. Nitamwuliza kila wiki. Peke yangu sirudi kama nilivyokuwa.

Elinami ananitumia ujumbe kila siku, sikumwomba. Wa leo ulisema, "Habari za huko nesi. Asubuhi nyuzi nne." Kwa mazoea nikamwandikia, na jioni je?

Akajibu, "Jioni bado haijafika."

Niliusoma mara mbili. Kisha Mama akaita chakula tayari, nikaiacha simu kitandani, nikaenda kula.