Nyekundu ya Namba Tasa

Jumamosi, mtaa wa Buluk. Jua limewaka tangu asubuhi, sasa mawingu yametanda upande wa mtoni. Moyo wangu mzito na hapa sina wa kumwambia, kwa hiyo naandika kwenye blogu hii ambayo anaisoma binamu yangu wa Kisumu peke yake.

Mama Keji ameezua nyumba yake. Chanzo ni mimi.

Wiki yote nilikuwa mtu wa furaha. Nilikuwa nimeandika programu ndogo kwenye laptop. Inachukua namba kuanzia moja, inaziweka kwenye vyumba vya mraba, zinazunguka kutoka katikati kwenda nje kama mtu anavyosuka kikapu. Kisha inazipaka rangi. Za kugawanyika kwa mbili kijani, kwa tatu njano, kwa tano buluu. Namba tasa, zile zisizokubali kugawanywa ila kwa moja na zenyewe, nikazipa nyekundu. Zikajipanga mishazari, mstari baada ya mstari, bila mimi kuziambia. Nilikodolea skrini macho nikacheka peke yangu kama mwehu.

Rafiki yangu Mkenya anayefanya kazi kwenye ofisi moja mtaa wa Hai Amarat akanichapishia picha hiyo kwenye karatasi kubwa. Nikaibandika nje ya darasa ninalofundisha, kwenye ukuta unaotazama barabara. Wanafunzi wangu, ambao somo la hesabu huwaletea usingizi tu, waliizunguka hadi kengele ikawapita. Nikajiona nimefika.

Nilichosahau ni kwamba wiki hiyohiyo watu wa kupima ardhi walikuwa wamepita mtaani na mkebe wa rangi nyekundu, wakitia alama kuta za baadhi ya nyumba. Hapa kila mtu anajua nyumba ikiwekwa alama nyekundu, kinachofuata ni tingatinga.

Mama Keji anauza chai langoni mwa shule, na ni jirani yangu. Alirudi kutoka Uganda baada ya amani kutiwa saini, akajenga chumba chake bati kwa bati. Alipoitazama picha yangu akaona ramani ya viwanja. Chumba cha katikati akakifanya shule, akahesabu kutoka pale hadi kwake, akaangukia nyekundu. Majirani nao wakahesabu za kwao.

Mkuu wa shule aliposikia, akaing'oa picha bila hata kuniuliza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana mtaa mzima ukasema serikali imeificha ramani.

Leo asubuhi nimemkuta Mama Keji akishusha mabati ili tingatinga lisije likayaponda. Watoto walikuwa wameketi juu ya magodoro uani. Nikaleta laptop, nikamwonyesha namba, nikagawanya mbele yake, nikaeleza namba moja baada ya nyingine. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama afisa anayedanganya. Sijawahi kuichukia hesabu maishani. Leo nimeichukia.

Alinisikiliza mpaka mwisho, ndivyo alivyo, mtu wa adabu.

"Kalas, yatosha, mwalimu, mimi nasikia," akasema. "Hii yako iko ya namba tu. Lakini ile ramani ya manyumba, wewe umeona?"

Nikamwambia sijaiona.

"Lakini iko?"

Nikafunga laptop. Rangi ile kwenye kuta za watu sikuipaka mimi.

"Basi niambie. Mimi narudisha mabati ama naacha?"

Nikisema arudishe, kisha tingatinga lije, atapoteza kila kitu kwa neno langu. Nikisema aache, mvua ndiyo hii inakuja. Natamani nisingejua kutengeneza chochote. Natamani ningeziacha zile namba nyeusi, kama kila mtu.

Watoto nimewaingiza chumbani kwangu, magodoro yamefika hadi mlangoni. Yeye amekataa kuingia. Amekaa nje kando ya mabati yake, ananitazama kupitia mlango ninavyobonyeza vitufe, na hanisumbui hata kwa neno moja.

Anadhani natafuta jibu lake humu.