Njoo na Kitambulisho Tu

Gesima,
Jumapili jioni

Kaka yangu Ochoki,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini huko Lodwar mko wazima, wewe na Jacinta na watoto, ingawa joto lenu nalijua. Sisi tunapumua. Mama anakula akisimamiwa. Mzee wetu Tata tutamzika Alhamisi, kwa hivyo panda gari Jumanne, usingoje mwisho wa mwezi.

Uliniuliza ni nani aliyemdanganya Tata akaenda hospitali mikono mitupu. Nimeandika badala ya kupiga simu, na sababu utaiona huko chini. Barua nitampa Mokua wa lori la ndizi, anapita kwenu kesho.

Ile ngiri ya tumboni aliyoipuuza tangu mwaka juzi ilijikaza akiwa shambani anachuma majani chai. Ronny jirani akampitisha nyumbani achukue kitambulisho, akampeleka kwa bodaboda, wakafika kabla ya saa nne. Daktari alisema apasuliwe siku hiyo hiyo. Dirishani wakamwambia jina lake limo kwenye bima, lakini ni lazima kwanza alipie mwaka mzima, la sivyo aweke elfu ishirini taslimu. Tata akawaambia tangazo la bima redioni limesema kitambulisho tu. Karani akamjibu, basi mzee, huyo wa redio aje akupasue. Ronny anasema foleni nzima ilicheka, na Tata naye akacheka, ameshika tumbo.

Na pesa alikuwa nazo, Ochoki! Bonasi ya majani ilikuwa kwenye mkebe chini ya kitanda. Ronny akarudi kuichukua, na barabara yetu mvua ikinyesha unaijua. Walimpasua jioni, utumbo umeshaoza. Hakuamka.

Mimi ni mtu wa hesabu. Duka langu la vipaza sauti na kurekodi matangazo sikulirithi. Tangazo hilo linachezwa mara kumi na mbili kwa siku, na serikali inalipa elfu tano kila mara. Hiyo ni elfu sitini kwa siku, stesheni moja, miezi mitatu. Tata alihitaji matangazo manne. Katika wodi ya wanaume dari inavuja, wameikinga kwa bango kuukuu la kampeni hiyo hiyo: mama anayetabasamu, kichwa chini, juu ya wagonjwa. Hilo bango angalau limefanya kazi.

Sasa keti chini. Sauti ya tangazo ni yangu. Watu wa kampeni waliniletea maneno ya Kiswahili niyasome kwa Kigusii. Karatasi iliandikwa "Mwananchi". Nikaona neno hilo lina ubaridi wa ofisini, nikaweka "Tata", kama mtoto anavyomwita baba yake. Tata, njoo na kitambulisho tu. Walinisifu, wakaniongezea elfu mbili. Asubuhi ile Mama alimshika mkono akimsihi abebe pesa. Tata akamcheka, akamuuliza hata mtoto aliyemzaa mwenyewe hamwamini? Mokeira ananiita kila siku, alisema, ananiambia mwenyewe kwa mdomo wake.

Wiki jana walirudi dukani. Hospitali ilikuwa imekatalia mwili kwa bili ya elfu tisini na nne, na mkopo wa duka bado unanikaba. Nimerekodi tangazo la pili. Mwili umetoka. Usije kunihubiria, sikuona mlango mwingine, na mpaka leo siuoni.

Safari hii wanawataka kina mama. Neno la kwanza ni "Mama". Litaanza kuchezwa mwezi ujao.

Ukifika, keti na Mama wewe. Mwambie asitoke nyumbani bila pesa, hata akisikia mimi ndiye ninayemwita. Mimi nilipojaribu kumwambia, aliniuliza ni Mokeira yupi anayeongea sasa.

Nisalimie Jacinta, na watoto uwashike vichwa kwa niaba yangu. Beba koti, huku ni baridi.

Ni mimi dada yako,
Mokeira